Dhima ya Aliye Karibu

Huko Bariadi niliulizwa suala ambalo sikuweza kulijibu papo hapo, na tangu siku ile halijanitoka moyoni. Nakuletea nawe ulipime. Usidhani ni jambo la watu wa Ziwa, la bara huko, lisilotuhusu. Sisi wa pwani tuna bahari yetu, na tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama Spice Islander karibu na Nungwi, na tarehe 18 Julai 2012 ilipozama Skagit karibu na Chumbe, majumba mengi ya kwetu yalitandika jamvi la matanga.

Bariadi, kwa asiyeijua, ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na wenyewe ni Wasukuma. Waislamu si wengi kama kwetu, lakini wapo, na adhana husikika. Ni upande mmoja tu wa mkoa, wilaya ya Busega, unaogusa maji ya Ziwa Viktoria. Huko ndiko uliko mji wa Lamadi, penye njia panda ya Mwanza na Musoma. Mimi nilikwenda kuwazuru jamaa zangu waliolowea huko zamani kwa biashara ya pamba, nao bado wapo, ingawa pamba yenyewe bei yake hupanda na kushuka kama homa.

Usiku mmoja baada ya Isha, mtu mmoja muuza mashudu alibaki nyuma msikitini mpaka wote wakatoka. Akanijia, akaketi, akasema, "Maalim, nina neno." Hadithi yake ni hii. Hapo awali alikuwa mnunuzi wa dagaa huko ufukweni. Dagaa wa Ziwa huvuliwa usiku wa kiza, kwa taa. Wavuvi hutoka magharibi na kurudi alfajiri. Jioni moja simu yake iliingia habari, katika kundi la watu wa ufukweni, watu ishirini na kitu, kwamba usiku ule kutakuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Akaisoma, akaitia simu mfukoni. Akasema moyoni mwake, "Wameiona wote." Muda kidogo wakapita vijana wanne wakiusukuma mtumbwi wao majini. Mwenye mtumbwi alikuwa safarini Mwanza, na vijana wenyewe hawakuwamo katika kundi lile. Wakamsalimia, akaitika, akawatania kwamba kesho wasimpandishie bei. Wakaenda zao. Upepo ulikuja saa tisa za usiku. Watatu waliokotwa asubuhi wakiwa wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Wa nne, kijana wa Itilima aliyeikimbia pamba kwa kuwa haikumlipa, hakuonekana tena. Huyu mnunuzi wa dagaa akaacha biashara, akahamia Bariadi, mwendo wa saa moja na ushei kwa basi, mahali asipoliona Ziwa.

"Basi, Maalim," akasema, "dhambi ya mtu yule i juu yangu, au ndiyo siku yake iliyofika?"

Jibu jepesi nilikuwa nalo. Ningemwambia ni takdiri, tukaagana, akalala. Tena neno hilo ni kweli. Lakini kweli hiyo hiyo mwizi naye huitumia, na dereva mlevi, na hakuna kadhi aliyeipokea. Sote tumefundishwa chuoni kisa cha bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Jibu jepesi la pili lilikuwa kumlaumu: ulijua na hukusema, basi umeua. Hilo nalo liliniziba koo, kwa sababu watu ishirini na kitu walijua kama alivyojua yeye, na nyuma yao walikuwapo wengine wengi zaidi waliojua kabla yao. Nikamwambia anipe siku mbili.

Asubuhi yake nikatoka kutembea na kijana wa mwenyeji wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta. Nikamwuliza habari ile ya upepo hutoka wapi, ni nani hasa aliyeijua mwanzo. Akacheka, akaninyoshea kidole shambani. Ulikuwa mwezi wa Januari, wakati wa palizi, na kundi la vijana lilikuwa likipalilia pamba kwa safu moja, bega kwa bega, kila mmoja na mistari yake, wakienda pamoja kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya Wasukuma tangu kale. "Ndiyo hiyo, ami," akasema. "Hivyo ndivyo inavyopatikana."

Akanieleza, nami nitakueleza nilivyofahamu. Hewa na maji, kwa mtu wa hesabu, ni ndugu: vyote hutiririka. Kanuni za mtiririko huo ziliandikwa na Navier, Mfaransa, mwaka 1822, na Stokes wa Uingereza akazitengeneza mwaka 1845. Kanuni ni chache, karatasi moja huzichukua. Shida ni kuzihesabu. Huwezi kuhesabu anga lote kwa mkupuo. Hulikata vipande vipande, kila kipande ukakiuliza: joto lako kiasi gani, upepo wako unaelekea wapi, jirani yako anakusukuma kwa nguvu gani? Chukua Ziwa Viktoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800. Likate vipande vya kilometa 4 kwa 4, utapata vipande 4,300. Juu ya kila kipande panga tabaka 70 za hewa. Vimekuwa 301,000, na bado hujaigusa nchi kavu ambayo ndiyo izaayo upepo wenyewe. Kisha kila kipande kihesabiwe upya kila baada ya muda mchache, mpaka usiku ukuche. Na ukitaka kuona vizuri zaidi, ukavipunguza vipande nusu kwa kila upande, kazi haiongezeki maradufu. Huongezeka mara 8, na kwa kuwa hatua za wakati nazo lazima zifupishwe, huwa mara 16.

Mtu wa kwanza kuiona njia ya kutokea alikuwa Mwingereza, Lewis Fry Richardson, mfuasi wa madhehebu ya Quaker wasiopigana vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akichukua majeruhi kwa gari huko Ufaransa, na baina ya zamu na zamu akihesabu kwa mkono hali ya hewa ya saa 6 tu. Kazi ile ilimla wiki nyingi, na jibu likatoka bovu kabisa: hesabu yake ilisema mgandamizo wa hewa utapanda milibari 145, na siku yenyewe haukuwa umesogea hata kidogo wa kutajwa. Hakuona haya kulichapa kosa lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 akaliandika pamoja na ndoto moja: jumba kubwa la mviringo lililochorwa ramani ya dunia kwenye kuta zake, na ndani yake wameketi wahesabu 64,000, kila mmoja na fungu lake dogo. Mhesabu hajui habari ya dunia. Ajua fungu lake, na kila akimaliza hatua huliweka jibu lake mahali ambapo majirani zake hulisoma, kwani nao hawawezi kuendelea bila ya hilo. Katikati juu ya nguzo ameketi mkuu wao. Aliyekimbilia mbele humulika kwa taa ya rangi ya waridi, aliyebaki nyuma humulika kwa taa ya buluu.

Ukiyafikiri haya, msomaji, utakumbuka msikiti uliojaa siku ya Idi, imamu haonekani wala hasikiki nyuma, na mtu wa kati ainua sauti kuipokea takbira na kuipeleka safu za mwisho. Asipoipeleka, nyuma watabaki wamesujudu.

Ndoto ya Richardson haikujengwa kwa watu, ilijengwa kwa mitambo. Mwaka 1950 huko Marekani kompyuta iliyoitwa ENIAC ilihesabu hali ya hewa ya saa 24, na kazi yenyewe ikachukua takriban saa 24, yaani hesabu na jua vilikwenda sambamba. Siku hizi kompyuta kubwa ni maelfu ya prosesa zilizofungwa pamoja, kila moja na kishamba chake, zikipashana habari za mipakani kila hatua. Kuna mambo mawili yaliyonigusa hapo. La kwanza, hatua haipigwi mpaka wote wamemaliza. Mmoja akizembea, maelfu hungoja. La pili, ni mpakani ndipo kazi huharibika. Vijana wale wa palizi wakilima vizuri katikati ya mistari yao na kila mmoja akadhani magugu ya mpakani ni ya mwenziwe, shamba zima litabaki na michirizi ya magugu.

Kwa njia hiyo ndivyo Ziwa letu linavyohesabiwa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka, upepo wa pande zote hukutana juu ya maji, hewa ikapanda, na dhoruba ikazaliwa wakati mvuvi wa dagaa yumo kazini. Katika miaka ya 2010 idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilikuwa na hesabu ya namna hii, ya vipande vya kilometa 4, iliyolilenga Ziwa Viktoria. Baina ya 2017 na 2021 palikuwa na mradi ulioitwa HIGHWAY chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wa kuzisaidia idara za nchi zetu kuzigeuza hesabu hizo kuwa maonyo yatakayomfikia mvuvi. Wapo wazee wanaochukizwa na neno "utabiri", kwamba lanukia ramli. Nawaambia hapana ghaibu hapa. Ni hesabu, kama ya mwanafalaki ajuaye siku ya kupatwa kwa mwezi, ila hii yakosea zaidi kwa kuwa hewa haina adabu ya mwezi.

Sasa sikiliza hili, kwani ndilo lililonifungua. Nilimwuliza yule kijana: na mtumbwi je, katika hesabu hii umo? Akasema haumo. Kipande kimoja cha kilometa 4 kwa 4 kina mita za mraba milioni 16, na ndani yake upepo una thamani moja tu. Mtumbwi wa mita kumi si kitu hapo. Kompyuta haiujui, wala haijui kwamba kuna mtoto wa mtu ndani yake.

Akaniambia ipo elimu nyingine, ya kuhesabu maji au hewa inavyopita kando ya kitu kinachokwenda: meli iyumbayo, mbawa za ndege, rafadha inayozunguka, hata vali za moyo zinazofunguka na kufunga ndani ya damu, ambazo Charles Peskin, Mmarekani, alizitafutia njia yake mwaka 1972. Elimu hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Meli huyasukuma maji, maji nayo huisukuma meli, na hakuna wa kuhesabiwa kwanza, kwani kila mmoja yungoja jibu la mwenziwe. Fauka ya hayo kitu chenyewe hakitulii. Kandokando ya meli maji huzunguka na kukatika, kwa hiyo hapo vipande lazima viwe vidogo sana na vingi sana, ilhali mbali na meli vipande vikubwa vyatosha. Ukiligawa eneo sawasawa baina ya prosesa zako, umedhulumu: iliyo karibu na meli ina kazi mlima, iliyo mbali imekaa bure ikingoja. Basi hugawanywi ukubwa wa eneo, hugawanywa uzito wa kazi. Na meli ikisogea, uzito husogea nao. Prosesa iliyokuwa imepumzika mara hujikuta ndiyo iliyo karibu, na fungu zito limekuwa lake, bila ya kuulizwa kama yuataka.

Nilisimama pale kando ya pamba, nikamkumbuka mnunuzi wa dagaa na vijana wanne wakipita mbele yake.

Katika dini yetu tumejifunza faradhi ya aini, iliyo juu ya kila mtu kwa nafsi yake, na faradhi ya kifaya, iliyo juu ya jamii, kama kumzika maiti: wakiifanya wa kutosha, wengine wameondokewa. Tunaipenda hii ya pili, kwa kuwa siku zote twatumai wapo wa kutosha. Tunasahau upande wake wa pili, kwamba asipoifanya yeyote, dhambi haigawanywi kwa idadi yetu ikawa chembe chembe. Yamwenea kila aliyeweza. Na wanazuoni wetu wamefundisha vile vile kwamba kifaya hugeuka aini. Watu wamejaa ufukweni, mmoja tu ajua kuogelea, mtu azama: hapo haina tena jamii. Kujua kwake kumemtenga na wenziwe.

Nakuomba ulipime hili kwa mambo tuliyoyaona. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, na waliokufa wakisiwa kuwa 800 na zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Uliza sasa: ni abiria yupi aliyezizamisha? Hapana hata mmoja ambaye kwa uzito wake peke yake angeizamisha meli. Ni tiketi ipi? Kila tiketi ilikuwa moja tu. Mkata tiketi alidhani aliye langoni atahesabu, aliye langoni alidhani nahodha atakataa kung'oa, nahodha alidhani leo ni kama jana, nasi abiria tulidhani wakubwa wanajua kazi yao. Mimi mwenyewe nimepanda jahazi na boti zilizojaa kupita kiasi, nimeona, nikasukumana na wenzangu kupata pa kukaa. Sikusema neno. Boti zikafika, nami nikahesabu kwamba sikufanya kosa.

Hapo ndipo penye hila ya kazi iliyogawanywa, na dunia yetu ya leo karibu kazi yake yote imegawanywa. Kila mmoja ana fungu dogo mno hata halionekani kuwa na wema wala ubaya ndani yake. Anayehesabu kipande cha hewa hajui kama hesabu yake itamwokoa mvuvi au itaelekeza bomu. Richardson alilijua hili. Mwaka 1920 idara ya hali ya hewa aliyokuwa akiifanyia kazi ilipowekwa chini ya wizara ya mambo ya anga, yenye jeshi la ndege ndani yake, aliacha kazi, na baadaye alipoona uchunguzi wake juu ya mtawanyiko wa hewa wawafaa watengenezaji wa gesi ya sumu, maandishi yake ambayo hayajatoka aliyaharibu. Fungu lake lilikuwa dogo kama la wengine. Hata hivyo aliuliza linakwenda wapi.

Nitarudi kwa mtu wangu. Prosesa maelfu zilifanya kazi yao usiku ule, tena kwa uaminifu ambao sisi hatuna, kila moja ikampa jirani habari ya mpakani bila kuficha wala kusahau. Watu wa idara wakaifasiri, wakaipeleka. Mwenye kundi akaiweka. Safari yote hiyo, kutoka nchi ya mbali mpaka kiganja cha mkono wa mnunuzi wa dagaa, haikukatika. Ilikatika katika hatua kama kumi na tano za mchanga, baina yake na mtumbwi. Kompyuta haikuuona mtumbwi na hata wale ishirini na kitu hawakuuona, kwa kuwa walikuwa majumbani mwao. Yeye aliuona.

Siku ya pili baada ya Isha nilimwambia hivi. Mimi si mufti, na aliyekwenda na maji ajali yake ilikuwa kwa Mola wake, huwezi kuisogeza mbele wala nyuma. Hukumwua. Lakini usijifiche nyuma ya wale ishirini, kwani jambo hili lilipofika kwako lilikuwa limekwisha kuwa la mtu mmoja. Ulikuwa na neno la mtu, amana, na hukulifikisha. Hilo ni lako, na lina toba yake, na toba ya haki ya mja haimalizwi msikitini.

Alinyamaza kitambo. Nilidhani nimemvunja. Kisha akauliza kama marehemu akiacha mke. Nikamwambia yeye ndiye ajuaye. Akasema ndiyo, ajua, na mtoto mmoja, wako Itilima kwa wazazi wa kijana, naye kila akipeleka mashudu upande ule hupita njia ya mbali asilione boma lao. Akaniuliza aende akawaambie nini, maana wao hawajui kwamba yeye alijua, na pengine ni kuwatonesha kidonda bure. Suala hilo nalo, msomaji, sina hakika nalo mpaka leo; wapo jamaa zangu waliosema ningemwachia siri yake, awasaidie kwa mkono na asiseme. Mimi nilimwambia aseme.

Akaniomba tufuatane. Tukaenda siku ya Jumamosi kwa pikipiki mbili, yeye mbele, na gunia la unga limefungwa nyuma ya yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na vijito vyote vya njiani vilikuwa vikienda mbio. Tulipofika, mzee wa boma alitutolea viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema vinginevyo. Aliuliza jambo moja tu: siku ile mwanawe alipopita, alikuwa amevaa sweta?

"Alikuwa nalo begani," akajibu yule mtu.

Mzee akatikisa kichwa, akamwita mkwewe aje asikie.